Kibao cha Mzalendo Aliyejitolewa

Walio mbali na Jamhuri ya Sawasawa hawatatuamini, na walio ndani yake hawatakiri kwamba wanaijua, kwa hiyo hadithi hii haina mwenyewe. Tunaisimulia kwa sababu serikali ya nchi ile ni serikali njema, inayowapenda wananchi wake kiasi cha kutowaachia hata nafasi ya kukohoa peke yao, na wema wa namna hiyo haufai kunyamaziwa.

Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Bi. Mwanaidi Mfaume alikuwa uani akikanda unga wa mikate, mara akasikia hodi. Akaingia bwana mmoja mwenye suti ya buluu na beji tatu kifuani. Ya kwanza ilisema AFISA VIBAO MWANDAMIZI. Ya pili ilisema KARIBU NIKUHUDUMIE. Ya tatu ilithibitisha kwamba zile mbili za mwanzo ni halali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kigoda."

"Nimejikaribisha," akasema yule bwana, akaketi. "Mimi naitwa Pazi Lukindo." Akashtuka, akatazama nyuma yake, kisha akasema upya, "Yaani, najiita Pazi Lukindo."

Hapa inabidi tueleze jambo moja, maana msomaji wa nchi nyingine anaweza kudhani Bwana Pazi alikuwa na homa. Mwezi mmoja baada ya Mapinduzi, miaka hamsini na miwili iliyopita, Baba Mwanzilishi wa Jamhuri alipanda jukwaani akauliza, "Nani aliyetukomboa?" Umati ukajibu, "Tulijikomboa." Akafurahi sana. Usiku huo hakulala, na kesho yake akatoa tamko kwamba taifa lililojikomboa haliwezi tena kutendwa. Tangu siku hiyo, jambo lolote likimfika raia wa Sawasawa, basi kajifanyia mwenyewe. Vitabu vya sarufi vikapunguzwa kurasa, kauli ya kutendwa ikafutwa, na watoto shuleni wakawa wanaimba: kutenda, kutendea, kutendesha, kujitenda. Magazeti yakapendeza. Wakazi wa bondeni walijibomolea nyumba. Wafungwa walijifunga, tena maisha. Mhariri mmoja aliyeandika kwa bahati mbaya "alipigwa" alijipiga mpaka akajilaza hospitali.

Sasa turudi uani.

"Mama, nina habari njema," akasema Bwana Pazi. "Marehemu baba yako, mzalendo Mfaume Kibwana, amepata kibao."

Bi. Mwanaidi akaacha kukanda. "Vibao alishapigwa, mwanangu. Nilikuwepo."

"Alijipiga, mama. Lakini hiki si kibao cha shavuni. Ni kibao cha kihistoria, cha shaba, kitakachokaa ukutani pale mbele."

Akaeleza. Jenerali Varimba wa Nchi Rafiki, yule aliyekuja na majeshi yake kuyasaidia Mapinduzi yaliyojisaidia, angekuja tena mwezi ujao. Sasa alikuwa na miaka themanini na saba. Enzi zile, kijana wa miaka thelathini na mitano, alilala siku kumi na moja katika nyumba hii hii, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nyumba ya mawe pekee mtaani yenye tanuri la mikate. Taifa limeamua kuuheshimu ugeni ule na mwenyeji wake kwa pamoja, na juu ya kibao patakuwa na methali iliyochaguliwa na baraza zima la mawaziri: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Bi. Mwanaidi alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha hata chembe. Alikuwa na miaka tisa mgeni yule alipokuja, na mwenyeji hakupona. Asubuhi ile askari wanne walimkuta baba yake mbele ya tanuri, mikono myeupe kwa unga. Walimpiga vibao viwili, wakamvuta kwa ukosi wa kanzu. Alipofika mlangoni aligeuka akamwambia bintiye, "Toa mikate isiungue." Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kwake. Mikate aliitoa, na ndiyo iliyoliwa na Jenerali.

Tangu siku hiyo, vyumba vya mbele vya nyumba vilikuwa mali ya Wizara, na yeye alikaa vyumba viwili vya uani kwa cheo cha Mwangalizi wa Hiari. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alikwenda Idara ya Watu Waliojipoteza, akauliza habari za jalada namba saba. Makarani walibadilika, wakazeeka, wakafa, lakini jibu halikubadilika: "Bado anajitafuta, bibi."

Hakutaka nyumba, wala fidia. Alitaka kaburi. Alitaka mahali pamoja duniani ambapo angepiga magoti akasoma Fatiha akijua kwamba chini pale yupo baba yake.

"Hii ni Fomu ya Kukiri Heshima," akasema Bwana Pazi, akitoa karatasi. "Familia ndiyo husaini. Ukishasaini, mama, unajivika nishani ya Binti wa Mzalendo, na jalada namba saba linajifunga."

"Linajifungaje? Baba bado hajaonekana."

"Mtu aliyejitolea hatumtafuti, mama. Tunamshukuru."

Bi. Mwanaidi akaipokea fomu, na nyuma yake akaona karatasi ya pili, nakala kivuli ya ukurasa wa daftari la zamu. Mwandiko ulikuwa wa koplo asiyejua kuandika vizuri, na tarehe ilikuwa ya asubuhi ile, mwezi mzima kabla ya Tamko. Alisoma mara tatu. *Mfaume Kibwana ametolewa nyumbani kwake ili Jenerali apate pa kulala.* Juu ya neno la tatu mtu alikuwa amechora kwa kalamu nyekundu, akachomeka silabi moja ndogo na kufuta nyingine, na pembeni akaandika: *Kosa la uandishi. Soma: amejitolea.*

Miaka hamsini na miwili walimwambia hakuna karatasi yoyote, na kumbe ilikuwepo, na wameileta wenyewe kwa ajili ya kuisahihisha.

"Nani kaweka hii ji?"

"Imejiweka, mama," akajibu Bwana Pazi kwa upole, lakini hakumtazama usoni.

*

Bi. Mwanaidi hakusaini. Alinawa mikono, akavaa baibui, akaenda mwenyewe mbele ya Kamati ya Kitaifa ya Vibao, Mabango na Maneno Mazito.

Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Profesa Kanali Mstaafu Bungala Sheshe, mtu aliyestaafu mara tatu bila kuondoka kwenye kiti. Alimkaribisha kwa hotuba ya dakika arobaini, kwa kuwa alikuwa na haraka.

"Mama yetu," akamalizia, "historia ni kama sufuria ya ubwabwa. Ukifunua funua, mvuke unatoka, wali unabaki mbichi. Sisi viongozi tumejibebesha mzigo wa kukalia kifuniko. Je, unayo hoja?"

"Ninayo moja," akasema Bi. Mwanaidi. "Daftari lenu linasema baba alitolewa. Kibao chenu kinasema alijitolea. Mimi nilikuwa mlangoni. Andikeni alitolewa, nitasaini hapa hapa."

Wajumbe wakainama wote kwa pamoja, kama watu walioangusha sindano. Katibu akaziba masikio ya kinasa sauti kwa kiganja.

"Mama," akasema Mwenyekiti, "neno hilo halipo."

"Lipo kwenye daftari lenu."

"Lipo, lakini halipo." Akafuta jasho. "Hebu fikiri. Tukisema alitolewa, mtu atauliza, alitolewa na nani? Akishauliza na nani, atauliza akapelekwa wapi. Akishauliza wapi, hapo tena nchi haina usalama. Silabi moja, mama, inaweza kuiangusha serikali. Ndiyo maana tumeiwekea nchi silabi ya kuizuia."

Ikumbukwe kwamba Bi. Mwanaidi hakuwa na shahada, alikuwa mwoka mikate. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza tangu utotoni alimwelewa kiongozi vizuri kabisa.

Kamati ikajadili siku tatu. Ikagawanyika. Upande mmoja ulitaka *alijitolea*, kwa mujibu wa Tamko. Upande wa pili, wa wahifadhi nyaraka, ulitetemeka kuugusa waraka wa Mapinduzi, kwa kuwa kuubadili waraka wa Mapinduzi ni uhaini na adhabu yake mtu hujinyonga. Siku ya tatu jioni, bingwa wa lugha, aliyekuwa amelala, aliamka akapendekeza suluhu. Yachukuliwe maneno yote mawili, yaungwe. Kibao kisome: *alijitolewa*.

"Maana yake nini?" akauliza mjumbe mmoja.

"Halina maana yoyote," akasema bingwa, "na hiyo ndiyo faida yake."

Wakapiga makofi dakika saba. Mwenyekiti akamgeukia Bi. Mwanaidi kwa tabasamu la ushindi. "Umeona, mama? Ji yetu ipo, na wa yako ipo. Tumekutana katikati."

"Katikati ya wapi?" akauliza Bi. Mwanaidi. "Mtu ama katoka ama katolewa. Baba yangu hakuwa mlango, awe anajifungua na kufungwa papo hapo. Sisaini."

Aliporudi nyumbani alikaa mbele ya tanuri akalia. Alilia kwa hasira, maana kwa muda wa nukta moja pale kwenye kamati alikuwa ameanza kufikiri kwamba nusu ya neno si haba, na alijionea aibu kwa hilo.

*

Wiki mbili baadaye Bwana Pazi alirudi na barua. Alisimama mlangoni, na safari hii hakujikaribisha.

"Mama, ile fomu imejisaini."

Bi. Mwanaidi akaipokea nakala. Jina lake lilikuwa pale chini, kwa mwandiko mzuri kuliko wake.

"Na jalada?"

"Limejifunga Ijumaa. Na hivi vyumba vya uani, vitakuwa ofisi ya tiketi za watalii. Unajihamisha mwisho wa mwezi. Lakini kwanza unahudhuria sherehe, mstari wa mbele, kwa kitenge cha taifa. Nimekuletea."

Akaweka kitenge juu ya kigoda. Hakuondoka.

"Mama, naomba nikuulize jambo nililolisoma kwenye jalada lako. Uliitoa kweli ile mikate?"

"Niliitoa. Haukuungua hata mmoja." Alimtazama kijana wa watu, akamwona ana macho mekundu. "Wewe baba yako yupo?"

"Alijipoteza," akasema Bwana Pazi. "Mwaka ule wa mgomo wa bandari." Kisha akaweka sawa beji zake, akaaga, akaenda zake.

*

Siku ya sherehe jua lilijichomoza kwa wakati. Mtaa mzima ulipakwa chokaa, hata mbuzi mmoja aliyechelewa kupisha. Kibao kilikuwa ukutani chini ya pazia la hariri. Mheshimiwa Profesa Kanali Mstaafu Sheshe alihutubia muda ambao hatutautaja kwa kuwaonea huruma wasomaji, akalivuta pazia, na watu wakasoma kwa pamoja, herufi za shaba ziking'aa:

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. HAPA MZALENDO MFAUME KIBWANA ALIJITOLEWA NYUMBANI KWAKE ILI JENERALI VARIMBA APATE PA KULALA.

Walimu waliinamisha vichwa. Wengine wote walishangilia.

Kisha akapanda Jenerali mwenyewe. Alikuwa amekonda, kofia ya kijeshi ikimlegea kichwani, na alitembea ameshikwa mkono na Bwana Chande Mkwiro, Mkalimani wa Taifa. Katika Sawasawa nzima ni Bwana Chande peke yake aliyejua lugha ya Nchi Rafiki, na kazi yake alikuwa ameifanya miaka thelathini bila kosa: kila kilichosemwa kikiwa kimetendwa, kilipopita kinywani mwake kilitoka kimejitenda.

Jenerali akazungumza polepole. Bwana Chande akafuata.

"Anasema, anakumbuka nyumba hii. Anasema mkate wake ulikuwa mtamu kuliko mkate wowote aliokula maishani."

Makofi.

"Anasema, siku ya pili mkate haukuja. Akauliza mwokaji yuko wapi, ili amshukuru."

Makofi tena. Jenerali aliinua mkono kuyazuia, lakini wapiga makofi wa Sawasawa hawazuiliki kwa mkono mmoja. Aliposema sentensi iliyofuata alitoa leso. Bwana Chande akamtazama, akamtazama Mwenyekiti, akatazama chini.

"Anasema alijijibu kwamba mwokaji amejipeleka machimbo ya chokaa ya Kiwewe. Yeye na wenzake. Wakajipanga ukutani, wakajipiga risasi, wakajizika. Anasema alikwenda mwenyewe akaona mahali, na hakusema kitu, na amekubali safari hii apate kusema kabla hajafa."

Watu walishangilia kuliko mara zote, kwa kuwa ji zilikuwa nyingi katika kauli moja na wengi walidhani ndiyo kilele cha hotuba. Bendi ikapiga tarumbeta. Jenerali alisimama katikati ya kelele zile akiwatazama, machozi yakimshuka, asielewe ni watu gani wanaoshangilia jambo kama hilo.

Bi. Mwanaidi hakusikia bendi. Alisikia neno moja tu. Kiwewe. Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Miaka hamsini na miwili alikuwa akiona vumbi jeupe la machimbo yale likitua juu ya nguo zake alizoanika. Akasimama, kitenge cha taifa kikamdondoka mabegani.

"Mwanangu," akamwita mkalimani, "muulize ni upande gani."

Bendi ikanyamaza.

"Mama atajiketisha sasa hivi," akasema Mwenyekiti kwenye kipaza sauti.

"Muulize, mwanangu. Machimbo yale ni makubwa. Ni upande gani?"

Bwana Chande alikuwa na mke, watoto watano na nyumba ya serikali. Hata hivyo akamwinamia Jenerali sikioni. Mzee alimtafuta aliyeuliza, akamwona, akajibu moja kwa moja kwake, kwa mikono yote miwili: akaonyesha mahali jua linapotoka, akachora mteremko, akainua vidole saba.

"Upande wa mashariki," akasema Bwana Chande. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kipaza sauti kilikuwa kizuri, kimetoka nje ya nchi. "Juu ya mteremko, chini ya mwamba wa njano. Waliuawa watu saba. Walizikwa hapo hapo."

Wazee walishika vinywa. Walioanza shule baada ya Tamko waliulizana kwa macho ni lugha gani ile, na mtoto mmoja mgongoni mwa mamaye akaanza kulia, kwa kuwa mamaye alikuwa akitetemeka. Kulikuwa na wengi pale wenye majalada yao, namba ishirini, namba mia nne, na kwa mara ya kwanza walilisikia hadharani jambo walilokuwa wakilisema chumbani peke yao. Hakuna aliyepiga makofi.

Gazeti la kesho yake liliandika kwamba sherehe ilifana, na kwamba Bwana Chande Mkwiro alijistaafisha jioni ile ile na kujisafirisha mahali asipotaka kupataja. Mkewe alipewa jalada jipya. Namba yake hatuijui.

*

Bi. Mwanaidi hakungoja mwisho wa mwezi. Asubuhi ya pili baada ya sherehe alifunga udi, chetezo na kitambaa cheupe ndani ya kikapu cha mikate, akachukua jembe la mkono, akashika njia ya Kiwewe. Saa tatu alikuwa langoni. Lango lilikuwa na komeo jipya la chuma, na mbele yake, juu ya kiti cha plastiki, alikaa Bwana Pazi Lukindo. Hakuwa na suti. Alikuwa na beji moja tu, iliyosema MLINZI.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamekuleta huku?"

"Nimejileta," akasema. "Mama, siwezi kukuruhusu. Machimbo yamejifunga."

"Tangu lini?"

"Jana, baada ya gazeti kutoka. Hakuna anayejua yamejifunga kwa nini."

Bi. Mwanaidi aliweka kikapu chini. Alikuwa amechoka, magoti yakimuuma, na alimwonea huruma kijana huyu kama ambavyo angemwonea wa kwake.

"Ikiwa yamejifunga yenyewe, basi hakuna aliyeyafunga," akasema. "Na kama hakuna aliyeyafunga, hakuna nitakayemvunjia amri. Nitajifungulia."

Bwana Pazi akauchukua Mwongozo wa Taifa kutoka chini ya kiti, akapekua haraka haraka, ukurasa kwa ukurasa. Akatafuta kifungu kinachomkataza raia kujitendea. Hakukuwa na hata kimoja. Kitabu kizima, tangu jalada hadi jalada, kilisema kwamba raia wa Sawasawa hufanya yote kwa mkono wake mwenyewe.

Komeo lilikuwa zito. Bi. Mwanaidi alilivuta kwa mikono miwili, likalia, likateleza. Mbali barabarani, vumbi la gari la askari lilikuwa limeanza kuonekana.

"Mama," akasema Bwana Pazi, na sauti ikamtoka kama ya mtoto, "wakifika niwaambie nini? Nani kakuleta huku?"

Bi. Mwanaidi alijitwika kikapu, akashika jembe.

"Waambie nimejileta," akasema, akaanza kuupanda mteremko wa mashariki.